Gari lako, daladala au viti vinne vya kuchangia? Hesabu ya Nkuhungu hadi Mtumba

Mpwa wangu amepata ajira mwaka huu. Ofisi yake iko Mji wa Serikali, Mtumba; chumba amepanga Nkuhungu. Hata miezi ya majaribio hajaimaliza, ameshanitumia picha za gari dogo la Toyota IST, rangi ya fedha, "imetembea kidogo anko," pamoja na karatasi ya mkopo wa kukatwa kwenye mshahara. Anataka neno moja tu: ninunue au nisinunue?

Nilimwomba wiki moja. Gari la aina hiyo nimelimiliki miaka minne hapahapa Dodoma, nikaliuza, nikarudi kwenye daladala, na siku hizi nachangia mafuta kwenye gari la mwenzangu wa ofisini. Kwa hiyo viti vyote nimevikalia. Hili ndilo jibu lake, nimeliweka hapa kwa sababu tangu Serikali ianze kuhamia kwa kasi mwaka 2016 swali hili halijaisha midomoni mwa watu.

Kuna hesabu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: mfukoni mwangu zinatoka ngapi? Ya pili muuza magari hakutajii: safari yangu analipia nani mwingine ambaye hakuulizwa?

Mfukoni kwanza, tuimalize

Nkuhungu iko magharibi ya mji, Mtumba iko mashariki, kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji. Ukiunganisha ni kama kilomita 22 kwenda, 44 kwenda na kurudi. Kwa siku 22 za kazi ni kilomita 968. IST yangu, kwa kusimamasimama kwa mjini, ilikuwa inakula lita moja kwa kilomita 12. Tukiweka petroli shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 242,000 kwa mwezi, mafuta peke yake.

Hapo ndipo wengi wanapofunga daftari. Ongeza bima ndogo (ile ya mtu wa tatu), 118,000 kwa mwaka, yaani kama 10,000 kwa mwezi. Weka 40,000 ya kumwaga oili, matairi na vile vidude ambavyo fundi huvigundua akishafungua boneti. Kuosha, kwa vumbi la Dodoma, weka 20,000. Kisha ile ambayo haina risiti: gari la milioni 15 ukiliuza baada ya miaka mitano kwa milioni 9, umekula milioni 6, sawa na 100,000 kila mwezi. Jumla 412,000, na riba ya benki sijaigusa.

Daladala: tuseme 600 kutoka Nkuhungu hadi mjini, 800 kutoka mjini hadi Mtumba. Kwa siku 2,800, kwa mwezi 61,600.

Sasa tazama hii. Ile petroli ya 242,000 ukiigawa kwa watu wanne ni 60,500 kila mmoja. Pungufu ya nauli ya daladala! Niliirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea. Gari la watu wanne, kwa mafuta, ni daladala yenye mikanda ya viti. Mwenye gari bado atabeba bima, matairi na uchakavu, ila wenzake watatu wakimpa 60,500 kila mmoja, mzigo wake unashuka kutoka 412,000 hadi 230,500.

Kwa muda, gari linashinda bila ubishi. Mimi nilikuwa natumia dakika 40 hadi 50; kwa daladala, ukihesabu kusubiri ijae na kubadilisha mjini, saa moja na nusu ni kawaida. Anayekuambia muda huo si kitu hana mtoto wa kupeleka shule.

Wanaolipa bila kupanda

Kwenye kona ya mtaa wa mpwa wangu, pale njia ya vumbi inapokutana na lami, kuna mama anakaanga vitumbua kuanzia saa 11 alfajiri. Sinia lake amelifunika kwa nailoni nyeupe. Gari likipita taratibu, anaacha. Likipita kwa haraka, anainamia sinia kwa kifua chake, anashika pembe mbili za nailoni, anasubiri vumbi lishuke, kisha anaikung'uta upande wa nyuma ili lisiingie kwenye mafuta. Siku niliyokaa pale nikinywa chai yangu, kati ya saa 12 na saa 1 asubuhi, aliinama mara kumi na tisa. Magari karibu yote yalikuwa na mtu mmoja ndani. Hakuna hata mmoja aliyenunua kitumbua.

Hiyo nailoni ni gharama ya gari. Haiko kwenye karatasi ya mkopo.

Ya pili ni barabara yenyewe. Madereva tunapenda kusema "barabara tunailipia sisi." Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kumbuka bajeti ya 2017/2018: ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, na pengo likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2023/2024 ikaja shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli. Mwenye gari akapumua. Ila dizeli inaendesha pia mashine ya kusaga ya kijijini na lori la nyanya, na ndiyo inayosukuma Coaster yenye abiria waliobanana. Anayesaga debe la uwele Chamwino anachangia, hata kama mguu wake haujawahi kukanyaga klachi. Simlaumu aliyebuni, ilikuwa rahisi kukusanya na wakwepaji walikuwa wengi. Ninachokataa ni majigambo ya kwamba lami ni ya wenye magari.

Ya tatu ni nafasi, na hapa namba zinasema zenyewe. IST ina urefu wa mita 3.85. Zipange kwenye foleni ukiacha mita 2 kati ya gari na gari: watumishi 100, kila mmoja na lake, ni mstari wa mita 585. Haohao wakipanda wanne wanne ni magari 25, mita 146. Wakipanda Coaster za mita 7, watu 25 kila moja, ni Coaster nne: mita 36. Halafu magari yale yakifika yanataka kulala. Gari moja, ukihesabu kiegesho na njia ya kugeuzia, hula kama mita za mraba 25. Magari 100 ni mita 2,500, yaani viwanja vitano vya makazi vya mita 500. Tunavyogombania viwanja Dodoma, tunavikodisha kwa mabati yanayoota jua kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri.

Hewa nitaipita haraka. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Dereva wa peke yake Nkuhungu–Mtumba anatoa kilo 8 na ushee kwa siku. Abiria wa Coaster iliyojaa, hata ukiipa kilomita 6 tu kwa lita ya dizeli, mgao wake haufiki kilo 1. Moshi mweusi ni kesi nyingine, naufikia.

Ajali siwezi kuzipita haraka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Watu ambao wengi hawakuwa ndani ya kitu chochote chenye mkanda. Barabara ya kwenda Dar es Salaam, kuanzia Nanenane hadi Ihumwa, ina nyumba pande zote, shule upande mmoja na nyumbani upande mwingine. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Kwa mwendo huo, tangu unapomwona mtoto mpaka gari linaposimama, lami ikiwa kavu, ni kama mita 28. Kwa 80 ni kama mita 57. Tofauti hiyo ya mita 29 ni mtoto mzima na mkoba wake. Na wanaokimbia 80 asubuhi, nasema kwa kujishuhudia, ni sisi tuliochelewa tukajiambia "gari linanifikisha."

Kituo ambacho sikukiona

Kuna gharama moja ambayo sikuijua mpaka nilipouza gari.

Siku ya kwanza kurudi kwenye daladala nilisimama kituo kimoja upande wa Nzuguni, saa 9:50 alasiri, jua la Oktoba. Kituo hakina paa, hakina benchi, hakina mti. Kuna nguzo ya umeme. Watu kama kumi na wawili walikuwa wamesimama kwenye mstari mmoja ulionyooka, mmoja nyuma ya mwingine, nikadhani ni foleni ya nidhamu nikafurahi. Kumbe wamejipanga kwenye kivuli cha nguzo. Jua lilivyosogea, mstari mzima ukasogea nao, hatua nusu, bila mtu kusema neno.

Miaka minne nilipita pale mara mbili kwa siku, kioo nimepandisha, kiyoyozi kinavuma, bila kujua kwamba hakuna paa.

Hapo ndipo hoja yangu kubwa ilipo, kubwa kuliko moshi. Dodoma ni mji wa watumishi. Watu wanaoandika maoteo ya bajeti, wanaopitisha michoro, wanaojibu hoja bungeni, wanaishi humu. Kila mmoja wao anaposhuka kwenye daladala akaingia kwenye gari lake, kituo kinapoteza mtu ambaye angelalamika mahali panaposikika. Anabaki mama wa vitumbua, mwanafunzi, fundi ujenzi. Hao wanalalamika pia, ila wanamlalamikia konda. Kituo kikibaki kibovu, anayefuata kupata mshahara naye anakimbilia mkopo wa gari. Tunakimbizana wenyewe kwa wenyewe.

Na wala haikupangwa hivyo. Mwaka 1973 ulipofanyika uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa, mpango mkuu uliokuja 1976, uliochorwa na Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ulitaka mji wa vitongoji vilivyounganishwa na njia za mabasi, watu watembee na waendeshe baiskeli, gari binafsi likae nyuma. Mji ukakua kwa njia nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 765,179 katika jiji, wametawanyika kuanzia Nkuhungu na Mkonze mpaka Msalato na Mtumba, na ukitazama kipilefti chochote saa 1 asubuhi utadhani mpango ule ulikuwa wa mji mwingine.

Daladala nayo tusiipambe

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo. Daladala nayo ina watu inaowalipisha pembeni. Ile Coaster ya dizeli iliyochoka, ikiondoka kituoni, inamwachia mama wa vitumbua wingu jeusi kuliko vumbi la magari kumi, na kwa mapafu masizi yale ni mabaya. Inasimama katikati ya njia kwa sababu konda ameona mtu anapunga mkono kutoka ng'ambo. Mwanafunzi mwenye nauli yake pungufu anaachwa, gari likijaa ndiyo kabisa. Dada zangu wananiambia mambo ya kubanwa kwenye msongamano ambayo mimi mwanaume sikuwahi kuyaona ingawa nilikuwa kwenye gari hilohilo. Na usiku, baada ya saa 3, njia nyingi za pembeni hazina kitu. Unabaki na boda.

Ila tofauti ipo. Ubaya wa daladala unatibika kwa wote mara moja: leseni ya njia ina masharti, gari lina ukaguzi, LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inaweza kumbana mmiliki mmoja na abiria mia wakafaidi. Ubaya wa magari elfu moja yenye mtu mmoja mmoja utamkagua nani? Kila mmoja ana bima, ana leseni, hajavunja sheria yoyote. Foleni ndiyo kosa lao na haina mshtakiwa.

Bodaboda kwa kilomita 44 sikushauri, kwa bei wala kwa mifupa. Kwa vipande vifupi, Nkuhungu ndani mpaka lami, sawa, vaa kofia ya pili ambayo dereva anaificha chini ya kiti. Bajaji ni nzuri kwa mgonjwa na mizigo ya soko la Sabasaba. Baiskeli? Dodoma ina bahati ya kuwa na ardhi iliyotulia, asubuhi za Juni na Julai zina baridi tamu, na wauza maziwa wamethibitisha miaka yote kwamba inawezekana. Anayekaa Area C na kufanya kazi mjini angeokoa pesa nyingi. Kwa Mtumba bila njia yake pembeni ya lami, na malori yanayokwenda Dar yakikupulizia sikioni, hapana.

Kwa hiyo nani anunue?

Nesi wa zamu ya usiku pale Benjamin Mkapa, anunue, na asione aibu. Anayelea mzazi asiyeweza kupanda ngazi za Hiace, anunue. Mwenye biashara ambayo gari ni ghala lake linalotembea, huyo hata haulizi.

Mtumishi kijana, mwenye afya, hana mtoto, saa zake za kazi zinajulikana, ofisi yake ina wenzake hamsini wanaotoka upande uleule wa mji? Huyo asinunue mwaka huu. Akipata nafasi kwenye basi la watumishi, alidandie hata kama linatoka saa 12 kasoro robo. Akikosa, atafute gari lenye viti vitupu. Na kama moyo umekataa kabisa, anunue kwa sharti kwamba siku za kazi gari halitoki na mtu mmoja.

Kuchangia nako kuna adabu zake, nazisema kwa sababu nimeona urafiki ukivunjika kwa shilingi elfu tatu. Mkubaliane kiasi cha mwezi, kilipwe tarehe ya mshahara, msihesabiane kila siku. Asiyekuja siku mbili kwa ugonjwa analipa vilevile. Anayekwenda likizo halipi. Dereva asigeuke konda: ukianza kuokota abiria barabarani kwa nauli kwenye gari binafsi, umeingia kwenye biashara inayotaka leseni ya LATRA, na likitokea la kutokea bima yako ndogo itakukana mchana kweupe. Muondoke kwa saa, si kwa mtu. Dakika tano za kumsubiri mmoja ni dakika ishirini kwa gari zima, na ndizo zinazozaa ule mwendo wa 80 pale Ihumwa.

Hoja ya "nitaendaje Dar kusalimia?" ilikuwa na nguvu zamani. Treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, ilianza kufika Dodoma Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa 31,000. Kwa mtu mmoja, petroli ya kilomita 450 haikaribii hapo. Kwa familia ya watano gari linarudi kwenye mizani, lakini mpwa wangu familia yake kwa sasa ni yeye na redio.

Nilimtumia maandishi haya jana kabla sijayamalizia. Nilitegemea ubishi kuhusu uchakavu, au aniambie petroli imeshuka. Akajibu kwa mstari mmoja:

"Shikamoo anko. Nimesoma yote. Na mvua je?"

Marahaba. Mvua ni hoja, tena ni hoja nzito. Kuanzia Desemba mpaka Aprili Nkuhungu ya ndani ni tope, maji yanatuama mpaka kwenye magoti, na huwezi kuingia kikao cha saa 2 na suruali iliyolowa. Sina jibu la kumsafishia njia. Nimemwambia anunue buti za mvua, aweke viatu vya ofisi kwenye droo ya meza yake. Halafu nikamkumbusha kitu alichonisimulia mwenyewe siku ya kwanza bila kukijali: baba wa nyumba ya tatu ana Noah ya viti saba, anafanya kazi Mtumba, na kila asubuhi saa 12:20 anatoka getini peke yake. Akamgongee leo jioni, kabla hajaenda benki.